Picha za zamani pia zilidanganya, tena vizuri

Kuna maneno nimechoka kuyasikia, kwa matatu na kwa magrupu ya familia, ati picha za siku hizi ni uongo mtupu, filta juu ya filta, si kama zile za zamani. Jameni. Hebu fungueni albamu ya kwenu. Kwetu kuna picha ya shangazi na rafikiye, miaka ya sabini hivi, studio moja ya River Road, wote wamevaa belbotomu, nyuma yao pazia limechorwa bahari na minazi, na shangazi ameweka mkonga wa simu sikioni anacheka kabisa kama mtu anaongea na mtu. Waya umepita nyuma ya kiti ukaishia hapo hapo. Kwao simu haikuwepo, na bahari alikuwa hajaiona hata siku moja. Na bado ndio picha naipenda kuliko zote, juu pale yeye mwenyewe ndiye alichagua vile anataka kuonekana.

Mimi hio tu ndio huangalia kwa picha, nani amechagua.

Maana kamera yenyewe ilipotangazwa Ufaransa mwaka wa 1839 hakuna mtu alikuwa anatufikiria sisi, na ilipofika huku watu wetu walisimamishwa mbele yake bila jina, chini imeandikwa kabila tu, kisha inauzwa kadi ya posta. Wachoraji wa Ulaya nao waliingiwa na baridi, kuchora sura za matajiri ndio ilikuwa riziki yao. Lakini ona vile mambo yaligeuka, 1874 kina Monet na Renoir walifanya maonyesho yao ya kwanza Paris ndani ya studio ya zamani ya mpiga picha, Nadar! Kazi ya kufananisha ilishachukuliwa, wakabaki na uhuru wa kuchora mwanga vile wanauona.

Huku kwetu uhuru ulikuja na studio. Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, alikuwa anaazima wateja saa, redio, hata suti, na leo picha hizo zinatundikwa kwa makumbusho makubwa. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, anakatakata picha kwa mkono na kuziunganisha upya kabla mtu hajaota kompyuta. Sasa huyo alikuwa mwongo ama msanii?

Kinachonikera ni kitu kingine. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu za Kodak zilikuwa zinapima rangi kwa kadi ya mwanamke mzungu, kadi yenyewe ikiitwa Shirley, kwa hivyo ngozi nyeusi ikitoka unaona macho na meno tu, na inasemekana waliolalamika mpaka filamu ikarekebishwa ni watengeneza chokoleti na fanicha, juu rangi ya kahawia ya bidhaa zao haikuwa inatoka vizuri, si sisi. Siku hizi Google wana simu yao ya Pixel, tangu 2021 wanasema kamera yake imefundishwa rangi zetu, sawa. Lakini simu nyingi tunazonunua hapa mjini ukifungua kamera ya mbele unakuta ile sehemu ya kurembesha uso imeshawashwa, inakulainisha na kukung'arisha kabla hujaiambia kitu. Shangazi alichagua bahari yake, hii hujaulizwa.

Najua kanuni yangu ina shimo. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za njaa ya Ethiopia 1984 na wale watu wa Korem hawakuchagua kuonekana vile, ila bila hizo picha dunia ingeendelea kulala, na Live Aid ya 1985, lile tamasha la muziki la kuchangia wenye njaa, sidhani ingekuwepo. Hapo sina jibu, ningepiga pia.

Ila kwa harusi hakuna dharura. Juzi binamu ameolewa, picha zikaja bibi harusi amekuwa mweupe kama unga, mamake akauliza huyu ni nani. Mpiga picha akajitetea ati hio kuediti ni ofa, hajatulipisha. Tukamwambia basi atupe zile hazijaguswa, na mpaka leo story ni kwamba memori kadi iliharibika.