Pensheni ya Ulemavu Ikikataliwa: Rufaa au Maombi Mapya?

Barua ya kunyimwa pensheni ya ulemavu huwa fupi, na wengi huisoma mara moja tu kisha huitupa kabatini kwa hasira. Hasira ikipoa ndipo linapokuja swali: nikate rufaa, au nijaze fomu nyingine nianze upya? Pande zote mbili zina watetezi, tena wenye hoja.

Haki ya kukata rufaa ni ya zamani. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaiweka wazi katika kifungu cha 70: aliyenyimwa mafao, au asiyeridhika na kiwango alichopewa, anaweza kukata rufaa. Kinachobishaniwa ni kama inalipa.

Wanaotetea maombi mapya wanasema rufaa ni safari ndefu, na mgonjwa hana muda wa kupoteza. Fomu mpya inampa nafasi ya kujieleza vizuri zaidi na kuambatisha vipimo vya karibuni. Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa rufaa hulipita haraka. Nchini Uingereza, baraza la rufaa hupima hali ya mwombaji ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Aliyekataliwa akiwa anatembea kwa fimbo, kisha akakatwa mguu miezi michache baadaye, hawezi kuutumia mguu huo kushinda rufaa. Kwake maombi mapya hayaepukiki.

Ila hali ikiwa ni ileile, naona rufaa ndiyo njia, na sababu kubwa ni tarehe. Ukishinda rufaa, malipo huhesabiwa kwa kufuata maombi yako ya kwanza; ukianza upya, kwa kawaida miezi iliyopita imekwenda. Marekani hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Huko, kwa kawaida mtu mzima wa umri wa kati anatakiwa awe amechangia miaka 5 katika 10 ya mwisho kabla ya kupata ulemavu. Akiacha kazi kwa ugonjwa, kinga hiyo inaendelea kupungua mpaka inakwisha. Anayejaza fomu mpya kila anapokataliwa anaweza kujikuta nje ya mfuko aliouchangia ujana wake wote. Na kikomo cha muda hakingojei hasira ipoe: Marekani ni siku 60 tangu kupokea barua, Uingereza, kuomba uamuzi uangaliwe upya kabla ya kwenda barazani ni mwezi 1.

Sababu ya pili ni nani anayesoma. Fomu mpya hurudi kwenye meza zilezile. Rufaa ikisonga mbele hutoka nje ya ofisi hiyo, na Marekani, baada ya faili kupitiwa upya na ofisa mwingine, mrufani anaweza kusikilizwa na jaji ana kwa ana.

Mifuko nayo ina utetezi wake. Fedha ni za wachangiaji, na ofisa huamua kwa alichowekewa kwenye faili. Rufaa nyingi zinazoshinda, wanasema, hushinda kwa ushahidi ambao haukuwepo mwanzoni. Nakubali nusu. Daktari huandika "kisukari, maumivu ya mgongo", wakati sheria inauliza kitu kingine kabisa: mtu huyu anaweza kufanya kazi gani, kwa saa ngapi, na hali hii itadumu kwa muda gani? Marekani kipimo ni kushindwa kufanya kazi yoyote ya maana ya kipato, kwa hali itakayodumu walau miezi 12 au kuishia kwenye kifo. Jina la ugonjwa halijibu hilo. Maelezo kwamba hawezi kukaa zaidi ya dakika 20, au kuinua ndoo ya maji, yanajibu. Nusu nisiyoikubali ni hii: kama fomu haimuulizi daktari kile sheria inachotaka kujua, kosa si la mgonjwa.

Kwa hiyo rufaa yenye kurasa sita za lawama, bila ripoti mpya ya daktari, siioni ikifika mbali. Ijibu sababu iliyoandikwa kwenye barua. Kama sababu ni upungufu wa michango, achana na madaktari kabisa. Tafuta hati za mishahara na umuulize mwajiri michango aliyokukata aliipeleka wapi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya rufaa imo nje ya sheria: mtu anakula nini akisubiri? Akijikongoja kwenye kibarua, mapato hayo yanaweza kutumiwa kuonyesha kwamba anaweza kazi. Akikaa, kodi ya nyumba haikai. Anayeshauri rufaa, nami nimo, inabidi amuulize mrufani hilo kabla ya kumuuliza kuhusu vyeti.