Ghafla ya Miaka 30

Tulipomzika baba mdogo huko Seme, kila aliyeshika maikrofoni alirudia neno moja: ghafla. Juzi tu alikuwa soko la Kibuye, Kisumu, anauza viatu vya mitumba, jioni akapitia mtaa wa Obunga kula mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, akaenda kulala. Alfajiri akashika kifua. Tulimfikisha hospitali, daktari akatuambia mshipa wa moyo umeziba, na kabla ya saa nne alikuwa ametuacha. Mzee mmoja akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nilinyamaza, maana matangani hubishani na wazee. Ila hiyo "ghafla" imenikaa kooni hadi leo.

Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupasua mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu yao tayari walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo, ile mishipa inayoulisha moyo damu. Vijana wa kukimbia milimani na mizigo mgongoni!

Tumezoea kusema mishipa huziba kama bomba la sinki. Mfano huo unatupotosha, kwa sababu mafuta hupenya hadi ndani ya ukuta wa mshipa. Heri uwazie ukuta wa nyumba ulionyonya maji: kwa nje rangi bado ipo, lakini imevimba malengelenge. Presha, moshi wa sigara na sukari iliyozidi kwenye damu huchokoza utando laini wa ndani ya ateri, na kolesteroli mbaya, yaani yale mafuta ya kwenye damu yanayoitwa LDL, ikapata pa kuingilia. Chembe nyeupe za damu huja kufagia, zikaimeza mpaka zikavimbiwa na kufia humo humo. Mwili nao hufunika uchafu huo kwa kovu, na maisha yanaendelea, mwaka baada ya mwaka. Siku kovu likipasuka, damu huganda juu yake kama inavyoganda kwenye kidonda chochote, na njia huzibwa kwa dakika chache. Tena mara nyingi linalopasuka si lile lengelenge kubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda ngazi jana bila kuhema.

Sasa, karai la Obunga. Minofu ya mbuta, yaani sangara, huenda ng'ambo, sisi tunabaki na mifupa, na mafuta ya kukaangia huwa meusi tangu asubuhi, yanaongezwa tu bila kumwagwa. Sitayatetea. (Wala sijaacha kwenda, ile nyama ya kichwani ni tamu.) Lakini nikimbebesha mama wa karai mzigo wote nitakuwa nimesema uongo. Baba mdogo alivuta sigara tangu kidato cha pili. Alipoambiwa ana presha, alimeza dawa mwezi mmoja akaacha, eti hasikii kitu. Babu, baba yake, alianguka vivyo hivyo akiwa na miaka 51, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Zaidi ya yote alikuwa mwembamba kama mwanzi, na wembamba ule ulitudanganya sote, kwa kuwa kwetu ugonjwa wa moyo ni wa wenye vitambi na magari makubwa.

Kuna jambo jingine tunalolipita kimya huku Nyanza. Anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu hata akimeza dawa zake vizuri. Jamaa yangu amechukua dawa zake miaka kumi na moja bila kukosa kliniki hata mara moja. Kolesteroli yake haijawahi kupimwa.

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa pale Kondele kununua dawa ya kikohozi cha mtoto, nikaona kipimo cha presha mezani. Nina miaka 37. Ikasoma 148 kwa 94, yaani iko juu. Dada wa dukani akaniambia nikae, nipumzike, akarudia: 146 kwa 92. Sikuwa nikiumwa popote.