Krismasi ya mji na Krismasi ya ukoo

Kila Desemba kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Ujerumani hujaa maneno yaleyale: Wazungu hawajui Krismasi. Wamenuna, baridi kali, mtaa mtupu, heri yetu sisi wa Machame na Marangu, kule mlimani Kilimanjaro. Mimi nimeolewa Machame, naishi Leipzig, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na naona maneno hayo yanasemwa na watu waliochungulia dirishani tarehe 25 wakakuta barabara haina mtu. Tarehe 25 umechelewa. Mjerumani shangwe zake anazimaliza kabla, nje, kwenye baridi hiyohiyo, akiwa amesimama wima.

Tokeni muende sokoni. Soko la Krismasi la Leipzig historia yake inahesabiwa tangu mwaka 1458. Linaanza mwishoni mwa Novemba, linajaza uwanja wa Markt mbele ya jengo la zamani la halmashauri ya mji, linamwagika hadi kwenye kanisa la Nikolai, linafika Augustusplatz ambako wanasimamisha gurudumu kubwa la kupanda watu. Saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na hapo ndipo taa zinapopendeza. Theluji msitegemee sana, Leipzig mara nyingi ni manyunyu tu na upepo wa kukata masikio. Lakini watu wamejaa tele: wenye suti waliotoka ofisini, wanafunzi, mafundi wakiwa bado na suruali zao za kazi, bibi na babu walioshikana mikono.

Kwenye kibanda cha mvinyo wa moto unalipa yuro 4 au 5, na juu yake unaacha hela ya kikombe, vilevile kama dukani kwetu unavyoacha hela ya chupa ya soda. Kikombe kimechorwa picha ya mji. Ukikirudisha unapewa hela yako, usipokirudisha ni chako, na wengi wanakibeba makusudi. Mvinyo wenyewe ni mwekundu, umepashwa pamoja na mdalasini, karafuu na maganda ya chungwa. Muuzaji anauangalia usije ukachemka, maana ukichemka kilevi kinakwenda na mvuke na ladha inaharibika. Walokole na Waislamu msiogope, ipo juisi yenye viungo hivyohivyo ambayo watoto ndiyo wanayokunywa. Pembeni kuna soseji za kuchoma, kuna Langos ambazo ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta na kupakwa vitunguu saumu na jibini, na kuna lozi zinazozungushwa kwenye sufuria kubwa ya shaba pamoja na sukari, harufu yake inakufuata hadi kituo cha tramu.

Viti hakuna. Kuna meza ndefu za kusimamia, na unabanana na usiowajua. Mjerumani yuleyule ambaye kwenye tramu atakodolea simu yake mpaka kituo cha mwisho ili tu asikusalimie, hapa anasogeza kikombe chake upate pa kuweka chako. Ataanza na hali ya hewa, lazima aanze na hali ya hewa, kisha atakueleza habari za mwanawe aliyehamia Hamburg.

Tuliwahi kumpeleka huko bibi mmoja wa kwetu kazini. Kiti cha magurudumu kilirukaruka juu ya yale mawe ya uwanjani mpaka nikaogopa atavunjika mbavu, yeye anacheka. Alitaka lozi. Meno hana. Akawa anamumunya sukari mpaka iishe, kisha anaitoa lozi tupu na kuniwekea kwenye tishu, moja baada ya nyingine, mfuko mzima. Hakuna aliyemtazama vibaya. Kijana mmoja alimkinga na upepo kwa mgongo wake hadi tulipoondoka.

Na kuna tarumbeta. Jioni wapigaji wanatoka kwenye roshani ya lile jengo la zamani na kupiga nyimbo za Krismasi kuelekea uwanjani. Aliyekulia usharika wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kule mlimani akisikia pale hana haja ya kutafsiriwa, anaweza kuimba sauti ya pili papo hapo. Si ajabu. Wamisionari wa Leipzig ndio waliofika Machame mwaka 1893 na kuanza kazi pale Nkwarungo, na shirika lao bado lina ofisi katika mji huu na bado lina ushirika na Dayosisi ya Kaskazini. Hata Hans Meyer, aliyefika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889, alikuwa mchapishaji wa vitabu wa hapahapa. Mji huu na mlima wetu wanajuana siku nyingi, kwa mema na kwa mabaya: mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa pale Old Moshi. Tarumbeta nazipenda, na hilo silisahau.

Sasa twende nyumbani. Watanzania wengine hutucheka kwamba Desemba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, na sisi wenyewe tunacheka nao. Stendi ya Magufuli pale Dar imefurika, nauli inapigiwa kelele na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kila mwaka, magari yamefuatana njia nzima hadi Moshi. Hakuna uongo, ukifika umefika. Mbuzi anachinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kinapikwa, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inageuzwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, kila kipande cha nyama kina mwenyewe, na ukikosea sehemu ya baba mkubwa utaambiwa mpaka Pasaka. Mtoto aliyezaliwa Mwanza anaonyeshwa kaburi la babu yake na migomba aliyoipanda. Hilo Leipzig hawana, na soko lao halitawapa.

Lakini hebu tuseme ukweli, hasa sisi wake. Krismasi ya mlimani wanaoisifu zaidi ni wanaohudumiwa. Usiku wa kuamkia sikukuu mimi niko jikoni na mawifi, tunamenya ndizi za mtori, utomvu umetuganda vidoleni mweusi hautoki kwa sabuni. Ibadani nasinzia. Nikirudi, napakua. Sahani ya mwisho nikiiosha kwa maji ya baridi, wanaume wameshafika kwenye ajenda ya nani amejenga na nani bado. Siku niliyosimama kwenye soko la Leipzig na kikombe changu, nikanywa kikaisha, na hakuna aliyeniuliza mbona sijapeleka maji ya kunawa kwa wageni, nilijisikia mgeni rasmi.

Na yupo mwingine ambaye hatumtaji. Yule asiyekuja. Anasema mwaka huu kazi zimembana, au mtoto anaumwa, kumbe mfuko ndio unaoumwa. Atapanda mlimani na nini, wakati mwenzake aliyemaliza naye darasa la saba amekuja na Land Cruiser na kikao cha ukoo kinasoma michango kwa majina? Anabaki Dar, Tandika au Mbagala, anakula pilau na majirani, simu ameizima. Ukoo unamsema kwamba amepotea. Hakupotea, aliona mlango wa Krismasi una kiingilio akaanza kuuogopa.

Krismasi ya mji haiulizi umejenga wapi. Ukiwa na yuro 5 una nafasi mezani, na hata usipokuwa nazo unaweza kuzunguka, ukasikiliza tarumbeta, ukaota moto. Nayo ina mtu inayemtupa. Soko linafungwa kabla ya mkesha, kwa kawaida tarehe 23. Tarehe 24 mchana maduka yanateremsha milango, jioni kila mtu anaingia kwake, na asiye na kwake ndio basi tena. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, mji kimya. Kazini kwetu siku hizo zamu tunazibeba wageni wengi: Watanzania, Wafilipino, Wahindi. Wapo wazee wanaokuja kuchukuliwa na watoto wao, na wapo wanaovaa tangu asubuhi, nywele zimechanwa, mkoba mapajani, na hakuna anayekuja. Kijijini kwetu mzee wa namna hiyo angekuwa ameshagombaniwa na nyumba mbili.

Tena nisiseme kana kwamba lile soko ni la wote sawasawa. Tangu lori livamie soko la Krismasi Berlin tarehe 19 Desemba 2016, na gari lingine Magdeburg tarehe 20 Desemba 2024, watu wakauawa kote kuwili, njia za kuingilia zimezibwa kwa vizuizi vizito na polisi wanazunguka. Aliyeendesha lile la Magdeburg alikuwa mhamiaji, na wiki ile sisi wenye rangi tulitumiana ujumbe tusitembee peke yetu usiku. Mezani watu walinisogezea nafasi kama kawaida. Kwenye tramu ya kurudi, si wote.

Kwa hiyo ninachotaka si kuhamisha Krismasi ya huko kuja huku wala ya huku kwenda huko. Nataka Moshi mjini wapate ya mji. Wiki ile ya kuelekea sikukuu, pale viwanja vya Mashujaa, jioni, vikundi vya tarumbeta vya sharika vipokezane. Mama ntilie wapange majiko, mtori na mbege vinywewe kwa vikombe vya kuacha hela. Aje Mpare aliyepanga Majengo, aje mlinzi ambaye bosi hakumpa likizo, aje na yule wa Tandika ashukie mjini tu bila kupanda kwenye kikao. Michango ya ukoo isomwe Pasaka, au isisomwe kwa majina kabisa. Halafu anayetaka kupanda mlimani apande.

Wazo hili nilimpigia simu mama mkwe. Alisikiliza vizuri, akauliza swali moja.

"Na hizo ndizi za watu wote hao atamenya nani, mwanangu?"

Nikamwambia wanaume, kwa zamu.

"Basi lifanyieni hukohuko Ujerumani."