Saa Iliyongoja Niondoke

Kebo ya kwanza niliitupa kwenye pipa la taka kwa hasira. Ya pili niliazima kwa jirani wa mezani. Ya tatu niliiunga mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea, nikaungua kidole cha shahada. Bodi yangu ya kielektroniki ikaendelea kunitukana vilevile kwenye skrini: "f~xøf".

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bodi isome joto, kila dakika iitumie kompyuta kwa poti ya siriali, tundu linalopitisha biti (moja au sifuri) mojamoja kwa foleni, kasi biti 115,200 kwa sekunde. Nikikaa mbele yake na kubonyeza kitufe cha majaribio, maandishi yanatoka kama yamepigwa pasi. Nikienda kunywa maji, narudi nakuta uchafu skrini nzima. Nikamwita mzee wetu wa ofisini.

"Haya, nionyeshe."

Nikabonyeza. Safi.

"Mwanangu, jana ulilala kweli?"

Alipofika tu mezani kwake, uchafu.

Siku ya tatu nikaifanya bodi itume herufi moja tu, U. Mafundi wa siriali wanaipenda kwa kuwa biti zake hupishana moja-sifuri mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza kutua ikawa f. Nikaichora kwenye karatasi, biti kwa biti, nikaona kila biti imesomwa mara mbili. Kumbe bodi inazungumza nusu ya kasi!

Draiva yangu, programu inayoiendesha poti, tena niliyoiandika mimi, iliiuliza saa ya chipu, yaani mapigo yanayoipangia mwendo, mara moja tu ilipowaka: 48 MHz, mapigo milioni 48 kwa sekunde. Ikagawa kwa 16, kisha kwa 26, ikapata 115,384, tofauti isiyomsumbua mtu. Ikaridhika. Lakini prosesa ikikosa kazi hushusha saa hadi 24 MHz ili kuokoa umeme, na poti inakunywa bomba hilohilo. Kigawanyo kikabaki 26. Kitufe cha majaribio kilikuwa kinaipa prosesa kazi, saa inapanda, herufi zinanyooka. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namtorosha mwizi kila nikimleta polisi.

Linux, mfumo unaoiendesha bodi, ina utaratibu wa kuiarifu draiva kabla na baada ya saa kubadilika. Nikautumia: kabla, herufi zilizo njiani ziishe kwanza, baada, kigawanyo kipigiwe hesabu upya. Hapo ningeacha. Kiherehere kikanituma niongeze ujumbe, "Saa imebadilika!", nikauweka katikati, draiva ikiwa imeshika kufuli la poti, lile linalomruhusu mmoja tu aitumie kwa wakati mmoja.

Sasa ujumbe huo utatokea wapi? Poti ileile. Ukafika mlangoni, ukakuta kufuli, ukaketi kumngoja mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo naye yuko ndani, anangoja ujumbe utoke. Bodi ikaganda. Nami nusu saa nzima nimeikodolea macho skrini, nikingoja ujumbe uje kunieleza kwa nini hakuna ujumbe.

Mzee akapita nyuma yangu.

"Ahaa, leo umepatia. Hakuna hata herufi moja chafu."

Nikaufuta ule mstari, nikaweka kitaa cha bodi kiwake kila mara saa ya chipu inapobadilika. Ikafanya kazi. Joto likaandikwa safi, niwepo nisiwepo. Kisha jirani akaja kudai kebo yake, na ile ya kidole kilichoungua ikakatika nilipoigusa tu.

Mzee alinikuta nimezama kwenye pipa hadi mabegani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nenda nyumbani."