Gari Linalonipenda Kuliko Ndugu Zangu

Ukinunua gari la Kijapani lililotumika, dalali atakuambia kilomita, atakuambia injini, atakuapia kwamba halijaguswa rangi. Hatakuambia kwamba unahamia kwenye gari la mtu mwenye wasiwasi. Gari hili linalia, jamani. Ukifungua mlango linalia. Ukisahau taa linalia. Ukirudi nyuma linalia mpaka watoto wa jirani wanatoka kuchungulia. Na asubuhi, kabla sijatia gia, kuna dada wa Kijapani ndani ya dashibodi ananisemesha kwa upole kwamba kadi ya ETC haijawekwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara za kwao. Dada yangu, mimi nakaa Kimara! Tozo ninayoijua mimi ni ya Daraja la Nyerere kule Kigamboni, na kadi yako hawaitambui. Fundi anasema kile kifaa kinang'oka. Nimemwambia akiache, maana ndiye mtu pekee anayeniamkia bila kumalizia na hela ya vocha.

Kinachonimaliza si gari. Ni abiria.

Chukua mkanda. Chini ya kiti cha mbele kuna sensa inayopima uzito. Ukiweka tikiti maji zuri la Buguruni, gari linaamini kapanda mtu mzima na linaanza: ti, ti, ti. Basi natoka Buguruni mpaka Kimara nimelifunga tikiti mkanda, limetulia, halisemi neno. Kesho yake nampa lifti jirani yangu, msomi, ana stashahada mbili, namwambia funga mkanda bwana. "Ngoja kwanza, unanikunja shati, nina kikao. Nitafunga tukikaribia trafiki." Na kweli, huyo bwana anajua trafiki wote wa Barabara ya Morogoro wanasimama wapi na wanahama saa ngapi. Akifika pale anauvuta mkanda anaupitisha kifuani, hauchomeki, anaushika kwa mkono kama anapigiwa wimbo wa taifa. Tukipita, anauachia. Kwake yeye ajali ni ile faini.

Halafu kuna vile vyuma wanavyouza wamachinga kwenye foleni pale Ubungo. Ulimi wa mkanda bila mkanda. Unachomeka, gari linanyamaza, linadhani umejifunga. Jirani alininunulia kimoja, zawadi eti, kwa sababu "gari lako lina kelele." Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni aliubuni Mswidi mmoja, Nils Bohlin, alikuwa mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wote wautumie bila kulipa. Mtu kakupa uhai bure, wewe unatoa hela mfukoni kuukwepa.

Tuje kwenye kiti cha mtoto, maana hapo ndipo ndoa yangu ilipopimwa.

Mdogo wetu hajatimiza mwaka. Nikasema nitafute kiti. Muuzaji wa mitumba akanionyesha kimoja, akakipiga kofi, vumbi likatoka la kutosha kupanda mchicha: "Hiki mpaka miaka saba, bosi. Na akikua anakitumia kusomea." Nikamuuliza kimewahi kupata ajali? Akaniangalia akaniuliza, "Kiti?" Ndiyo, kiti! Kikishapigwa ajali kubwa plastiki inaweza kupasuka ndani usione, na siku yako ndiyo kitaachia. Nikawa nakigeuzageuza natafuta kile kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, kinachoonyesha kimepita majaribio na kimetengenezewa mtoto wa kimo gani au uzito gani. Hakuna. Kuna kibandiko cha ndizi. Nikaondoka, nikaja kupata chenye karatasi zake kwa bei ambayo mama watoto anaijua nusu.

Kukifunga nacho ni kazi. Kwenye kiti cha nyuma, pale mgongo unapokutana na kalio, kuna vyuma viwili vimejificha, vinaitwa ISOFIX. Unaingiza vidole kwenye ule ufa unapapasa. Nimetoa humo karanga, kifungo cha koti, na sarafu ya yeni tano, ile yenye tundu katikati. Halafu ndiyo vikapatikana vyuma. Unasukuma kiti, kinasema kla, kidirisha chekundu kinageuka kijani. Nikakitikisa, gari zima likatikisika nacho. Safi.

Na mtoto nikamweka akiangalia nyuma. Kanuni mpya za viti za Umoja wa Mataifa, R129, zinataka aangalie nyuma angalau mpaka miezi 15, kwa sababu kichwa chake kizito na shingo bado teketeke. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti ndio unampokea mwili mzima.

Sasa, mama mkwe alikuwa ameshuka na basi la Tanga siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama."

"Mbona mmemgeuzia ukutani?"

Nikaeleza. Shingo, kichwa, breki. Akanisikiliza kwa ile subira ya mtu anayengoja mgonjwa amalize kuweweseka. Kisha akasema amelea watoto saba, wote kawapakata, kwenye mabasi, kwenye malori ya mkonge, mmoja kampakata kwenye pikipiki ya mishenari, na hakuna aliyemdondoka. "Nipe mjukuu wangu."

Nikasema mama, tukigonga kitu kwa mwendo wa 50, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu inayofika mara 20 au 30 ya uzito wake. Hiyo ni kilo mia mbili, mia tatu. Hakuna mikono inayoshika.

"Kwa hiyo mkwe wangu unasema sina nguvu."

Mama watoto akakohoa. Mnaoishi na wake zenu mnakijua kile kikohozi. Nikanyamaza.

Shemeji, aliyekuja kumpokea mama yake kwa daladala na kurudi kwa gari langu, akatoa suluhisho la kitaalamu: hicho kiti kiwekwe mbele, hivyo hivyo kikiangalia nyuma, mtoto awe anamwona baba yake. Nikashusha kibao cha kuzuia jua. Pana picha pale: mtoto kwenye kiti, mbele yake mfuko wa hewa umefura, na juu ya picha mstari mwekundu. Shemeji hasomi Kijapani, lakini mtoto kachorewa mstari mwekundu, unataka tafsiri gani tena? Ule mfuko unafunguka upesi kuliko jicho kupepesa, unatoka kwa mwendo unaopita basi la mkoani, na ungekuja kugonga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa. Akasema, "Duh." Tangu hapo anaogopa hata kukaa mbele yeye mwenyewe, jambo ambalo limenipa amani.

Tukakubaliana mama akae nyuma, pembeni ya mjukuu. Tukaenda harusini Tabata. Tumefika, kila mtu kashuka, mama hashuki. Anavuta kitasa, kinakuja kinarudi, mlango haufunguki. Jua la saa saba, kilemba kipya, na wanawake wa upande wa bwana harusi wanatazama. Nikazunguka nikamfungulia kwa nje. "Baba," akasema taratibu, "umenifungia?"

Si mimi! Ni ile kufuli ya watoto. Ipo kwenye ubavu wa mlango, huioni mpaka mlango uwe wazi, ina ukubwa wa ukucha, na yule kijana anayeosha gari akipitisha tambara anaisukuma bila kujua. Ikishashuka, mlango haufunguki kwa ndani kabisa; umewekewa mtoto asije akajimwaga barabarani. Nilieleza. Nilifungua mlango nikaonyesha kwa kidole. Leo hii Tanga nzima, kuanzia Pongwe mpaka Raskazoni, wanajua kwamba mkwe wa Dar anafungia wakweze garini.

Mafundi nao. Nilipeleka gari likashonewe kava za viti. Kwenye ubavu wa kiti changu kuna kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, maana yake humo ndani kuna mfuko wa pembeni, ukigongwa ubavuni unachana mshono na kutoka. Fundi akafunika kava nene la ngozi bandia, kashona mishono miwili miwili, hata simba asingetoka. Nikamwambia acha nafasi hapa. "Bosi, ukiacha tundu linaharibu shoo." Tukabishana mpaka akafumua, kwa uchungu, ananiangalia kama nimemwambia aikate suti. Na dashibodi alitaka kuiwekea lile zulia la manyoya, juu yake boksi la tishu lenye dhahabu, sawasawa juu ya kifuniko cha mfuko wa abiria. Ukifunguka, shemeji anapigwa na boksi la tishu. Hapo nilifikiri kidogo, kusema kweli.

Ukiwasha gari, taa nyekundu ya mtu mwenye mpira tumboni inatakiwa iwake sekunde chache, izimike. Ikibaki inawaka, mfumo wa mifuko ya hewa una hitilafu. Isipowaka kabisa, mshukuru aliyekuuzia, maana kuna mtu kaing'oa. Nilimwuliza fundi umeme, taa hii ikikataa kuzimika unafanyaje? Hakufikiri hata kidogo. "Naitoa."

Kuna kitufe kingine juu karibu na kioo cha kati, kina kifuniko, kimeandikwa SOS. Japani ukikibonyeza unapata kituo cha huduma ya HELPNET, wanaona kwenye ramani ulipo, wanawaita polisi au gari la wagonjwa. Ulaya wamefika mbali zaidi: tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo sharti iwe na eCall, mfuko wa hewa ukifunguka gari lenyewe linapiga 112. Changu kimetengana na mtandao wake tangu kilipopanda meli. Watoto wamekibonyeza wee, taa inapepesa, inakata tamaa. Wakubwa wangeweza kuelezwa kwamba huku nasi simu ya polisi ni 112 na Zimamoto 114, unapiga kwa mkono wako. Ila utaulizwa uko wapi, na hapo Mtanzania ndipo anapoanza mkutano. Vibao vya anwani za makazi vimewekwa mitaa mingi tangu 2022, namba ya nyumba iko ukutani, nyekundu kwa nyeupe au bluu sijali, isome! Hapana. "Ukifika kwa Mangi, usikate kushoto, kuna mwembe ulikuwepo."

Nimefika kwenye funguo. Gari hili haliwashwi kwa ufunguo wa kuzungusha. Lina rimoti, ikiwa mfukoni gari linakutambua, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, linawaka. Ndani ya rimoti kuna betri bapa kama sarafu, na pembeni kuna kichuma kimejificha, ukikivuta ni ufunguo wa mlango. Betri ikifa unafungua mlango kwa hicho kichuma, unaigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, gari linakusoma, linawaka. Haya yote nilimfundisha mama watoto. Alinisikiliza huku anachat.

Kitu ambacho hakuna anayekiamini ni hiki: injini ikishawaka, rimoti ikiondoka, gari halizimiki. Linalia tu kuonya, kisha linaendelea. Wahandisi wameona ni heri hivyo kuliko likuzimikie katikati ya barabara. Jumamosi moja mama watoto kashuka Kariakoo na mkoba wake, kaubamiza mlango. Gari likalia. Nikamwita kwa dirisha, "Mama, rimoti iko wapi?" Akasema, "Iko hapo hapo!" akionyesha dashibodi, akamezwa na umati wa Mtaa wa Kongo. Nyuma yangu daladala tatu zinapiga honi. Nikaenda. Taa ya mafuta ikawaka.

Sheli, kijana wa pampu ananiambia, "Zima gari mzee." Nikamwambia kijana, nikizima hatutaonana vizuri. "Mzee, zima gari, sheria." Nikazima.

Basi.

Likaja lori la mchanga nyuma. Ikaja Noah ya harusi. Wakajitolea vijana wanne kusukuma, haliendi, gia imejifunga kwenye P. Napiga simu ya mama watoto, inaita, inaita. Kariakoo nani anasikia simu? Akapokea baadaye sana, akiwa kwenye vitenge. "Eh, baba, hiki kitu cheusi kwenye mkoba wangu ndicho?"

Nikasema mpe bodaboda, upesi. Akaja kijana, kofia ngumu kichwani, kafika anatweta, akaona jua, akafungua mlango akakaa kiti cha mbele bila kukaribishwa. Rimoti iko mfukoni kwake. Nikakanyaga breki nikabonyeza: gari likawaka mara moja, kwa heshima zote, limemtambua mwenye nalo.

"Elfu kumi, mzee."

"Kutoka Kariakoo? Elfu tatu."

Akatazama usukani, akatazama kitufe, akapapasa mfuko wa suruali. "Mzee, mimi nikishuka hapa unafika nalo wapi?"