"Wenyeji wa Iringa" Ndio Akina Nani?

Ofisi moja hapa Iringa mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nina shida zangu za kuipelekea, imetoa kalenda iliyopambwa kwa picha za enzi za ukoloni, na katika ukurasa wa Machi yupo mzungu aliyeketi kwenye kiti huku nyuma yake wakiwa wamesimama Waafrika saba. Maelezo yaliyochapwa chini yanamtaja mzungu kwa jina lake kamili pamoja na cheo, kisha yanamalizia kwa maneno "pamoja na wenyeji wa Iringa". Nilipomwonyesha ukurasa huo mzee mmoja wa Kalenga, aliusogeza karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya kijana wa pili kutoka kushoto, ambaye ndewe ya sikio lake imechanika, akasema: "Mwanangu, huyu ni kaka yake bibi mzaa mama; litazame hilo sikio." Kutoka ofisi hiyo hadi Kalenga hakuna safari ya kumchosha mtu, lakini hakuna aliyeona haja ya kwenda kuuliza.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba picha nyingi tulizonazo leo zipo kwa sababu waliozipeleka kwao walizitunza. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hazina ya picha za kikoloni zinazokaribia 55,000, ambazo mtu anaweza kuzitazama kwenye intaneti akiwa amekaa nyumbani kwake Kihesa. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani wa enzi hizo, zimo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Na zile ambazo wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walizipiga Unyakyusa katika miaka ya 1930 zimehifadhiwa Cape Town. Hata hivyo, kutunza karatasi si sawa na kuwajua watu waliomo, na kazi hiyo ya pili haiwezi kufanywa na mtu wa Frankfurt. Ni yetu, nasi tunaikwepa kwa kurushiana picha kwenye makundi ya WhatsApp, tena zikiwa zimetiwa rangi na programu ya simu, tukiandika "kumbukumbu adhimu" bila kuuliza ni kumbukumbu ya nani.

Anayesema kwamba majina hayo yamepotea aonyeshe kwanza mahali alipoyatafuta. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Wabenediktini waliianza Tosamaganga kabla ya kuwaachia Wakonsolata. Penye misheni ya zamani pana madaftari ya ubatizo na ya ndoa, yenye jina la mbatizwa, la baba yake, la kijiji chake na la msimamizi wake. Ukiwa na picha ya wanafunzi wa misheni na ukajua mwaka wake kwa kukisia tu, daftari hupunguza umati wa watu hadi wakabaki wachache, na hapo ndipo wazee wanapoweza kuulizwa swali lenye maana. Shida iko kwa wanawake. Mwanamume wa Kinyakyusa anayeitwa Mwa-fulani amebeba ukoo wake ndani ya jina, lakini mama aliyesimama kando yake huenda aliandikwa kama mke wa mtu, na baada ya kujifungua akaitwa mama wa mtu, hivi kwamba wajukuu wanaomlilia hadi leo hawalijui jina alilopewa alipozaliwa. Kwa huyo hakuna daftari litakalosaidia kuliko bibi mmoja wa upande wa kuumeni, naye hatatungoja.

Wala tusidhani kwamba wazao wa watu hao bado wanaishi chini ya mlima unaoonekana pichani. Neu-Langenburg ya Wajerumani ndiyo Tukuyu, na picha ya zamani iliyoandikwa "Iringa" inaweza kuwa imepigwa mahali ambapo tangu 2012 ni Mkoa wa Njombe. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye mahame yao hadi pembezoni mwa barabara, na kabla ya hapo vijana walikuwa wamekwisha kuondoka: wengine kwenda dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine kwenda mkonge wa Tanga kama manamba, wengine wakachukuliwa na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua, hadi migodi ya Afrika Kusini. Mtafiti anayeishia kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa kwamba ukoo huo umekwisha, hajamaliza kazi. Pengine ukoo wote upo Muheza.

Machifu hawana tatizo hili. Fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, alikuwapo mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, wa kulipokea. Na Rais wa Ujerumani alipokwenda Songea Novemba 2023 kuomba radhi, alikutana na familia ya Chifu Songea Mbano, kwa sababu jina la babu yao linajulikana. Je, mpagazi aliyebeba kreti la yule mzungu wa Machi kutoka pwani ataombewa radhi kwa nani, ikiwa sisi wenyewe tumemwita "mwenyeji" kwa herufi ndogo?

Zipo familia ambazo hazitafurahi. Si kila babu aliyevaa sare ya askari wa Wajerumani alilazimishwa kuivaa, na wapo Wahehe waliopigana upande wa Wajerumani wakati wa Majimaji. Mjukuu akionyeshwa picha hiyo ana haki ya kukaa kimya, na ana haki pia ya kukataa isibandikwe ukutani mwa hoteli. Ndiyo maana nashikilia kwamba nakala ya kwanza, tena ya karatasi, iende kwa familia kabla ya kwenda popote pengine.

Niliipigia simu ofisi ile nikiwa na jina la kijana wa pili kutoka kushoto. Nilijibiwa kwa heshima kubwa kwamba kalenda zimeshagawiwa na kwamba mwakani wameamua kuweka tembo wa Ruaha. Sawa. Wenye picha masandukuni, basi, wasiingoje ofisi: waigeuze picha wakati mama au shangazi yu hai, waandike majina kwa mpangilio kutoka kushoto, na watumie penseli laini, kwa maana wino wa kalamu huvuja hadi upande wa pili ukazichafua sura.