Mvua Ilinyesha kwa Sababu Ilikuwa Novemba

Alhamisi ile niliamka saa kumi alfajiri nikashuka mwaloni Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria mitumbwi inakoshusha samaki, na ndoo zangu. Taa za wavuvi zilikuwa zinarudi kutoka ziwani moja moja. Kwa asiyeijua kazi yetu: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa sababu wanaufuata mwanga. Zamani walivuliwa kwa karabai, siku hizi ni taa za sola, na ukisimama juu ya mawe usiku utadhani kuna mji mwingine umejengwa huko majini. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inakaa, na sisi wanawake wa dagaa tunakaa nayo. Giza la mwezi ule lilikuwa linaishia. Nilijua nikikosa siku mbili zile, nitasubiri mbalamwezi yote ipite ndipo nipate tena kitu cha kuanika.

Nilinunua ndoo nane, na fedha ilikuwa ya kukopa kwenye kikoba. Nikatandika nyavu juu ya mchanga, nikamwaga dagaa, nikawasambaza kwa mkono mpaka kila mmoja akapata nafasi yake. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Dagaa akipata jua kama lile siku nzima, jioni anang'aa kama sindano, na akifika soko la Mwaloni pale Kirumba wanunuzi wa Kongo na wa Burundi hawabishani sana na wewe. Saa tatu na nusu nikaoga, nikavaa, nikaenda kwenye ibada ya akina mama. Dagaa nilimwachia mama mkwe wangu, ambaye miguu inamsumbua lakini jicho lake bado liko kazini.

Turubai langu kubwa halikuwepo nyumbani. Lilikuwa msibani kwa jirani tangu Jumanne. Nililitoa mwenyewe kwa moyo mweupe, kwa sababu msiba ukiingia kwa mtu, watu hawawezi kukaa juani.

Tulikuwa katikati ya maombi nikasikia tone la kwanza juu ya bati. Halafu la pili. Kisha bati zima likanguruma, hata sauti ya aliyekuwa akiomba ikapotea. Nilitoka bila kuaga. Nilikimbia kuteremka lile jabali, kandambili moja ikabaki njiani, huku nikiikemea mvua kwa jina la Yesu, na niliikemea nikiamini. Mvua iliendelea.

Nilipofika nilimkuta mama mkwe amepiga magoti mchangani. Alikuwa amevua kitenge chake cha kujitanda, amekitandaza juu ya dagaa, na amelaza mikono pande mbili kukishikilia upepo usikipeperushe. Kitenge kimoja kinaweza kufunika nini? Labda dagaa wa ndoo moja, na hao nao walishalowa kwa chini. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Aliniambia, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nimefunika hawa tu. Wengine wamenishinda." Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza mkaa, akaja mbio na mifuko ya nailoni, tukashika watatu, lakini tulikuwa tumechelewa. Dagaa waliobaki walikuwa wameshachanganyika na mchanga, vichwa vinaachana na miili. Nilikuja kuwauza kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Fedha ya kikoba nilirudisha nusu.

Hiyo ni hasara ya kawaida kabisa. Kila mwanamke anayefanya kazi hii kuanzia Igombe hadi Ukerewe ameipata. Nisingeiandika kama si mambo yaliyofuata.

Ijumaa mchana walikuja wapendwa watatu wa kanisani kwetu kunitia moyo. Niliwapokea, nikawapa maji, tukaimba pambio. Kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada, zaka ya mwezi uliopita ulitoa?" Nikamjibu nilitoa. Wa pili akauliza kama kuna mtu sijamsamehe. Nikatafuta moyoni, nikasema simkumbuki. Wakanyamaza kidogo. Ndipo wa tatu akauliza, "Wakati mvua inaanza, nani alikuwa pale kwenye dagaa?"

Nikasema, "Mama mkwe."

Wakatazamana. Mmoja akasema "Eeh," akavuta sauti, basi. Hakuongeza neno. Katika maombi ya kufunga wakaomba Mungu afunue kila adui wa ndani ya nyumba. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia, anachambua mchele. Nilisikia ungo ukisimama.

Naomba nieleweke hapa, kwa kuwa hao ni dada zangu na nawapenda, na najua walitoka makwao na nia njema. Lakini huku Usukumani tunajua sauti ile ya "eeh" inakokwenda. Katika mkoa wetu wa Mwanza na jirani zetu wa Shinyanga, vikongwe wamekatwa mapanga usiku vitandani mwao kwa miaka mingi, na mara nyingi ushahidi wote ulikuwa ni macho mekundu. Macho yanayokuwa mekundu kwa sababu mwanamke amepuliza moto wa kuni tangu akiwa binti, na pale kuni zilipokosekana amepuliza mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Mama mkwe wangu macho yake ni mekundu. Amepika kwa moshi maisha yake yote, amelea watoto wake kwa moshi ule, na mmoja wao ndiye mume wangu. Hakuna aliyemtaja kwa jina la mchawi Ijumaa ile. Lakini neno hilo halihitaji kutajwa ili lifike.

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa sasa na msimamo wangu ni huu. Sisi Wakristo tunaosema tumeacha mambo ya waganga tumelichukua swali la mganga tukaliingiza kanisani. Mtu akipata hasara, mganga anauliza: nani amekufanyia? Na sisi tunauliza: nani amekufanyia, au wewe umefanya nini? Tumebadilisha kibuyu tukaweka Biblia, swali likabaki lilelile. Hatuwezi kukubali kwamba ilikuwa Novemba, ni vuli, na mwezi wa vuli mvua inanyesha.

Biblia yenyewe haikubaliani nasi. Bwana Yesu alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, alisema si huyu wala wazazi wake. Alipozungumzia wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikana waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Na marafiki wa Ayubu, watu wanawasema vibaya, lakini mimi nawaheshimu kwa siku zile saba za mwanzo. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu sana. Walikuwa wanafariji vizuri mpaka hapo. Ubaya ulianza walipofungua vinywa kumtafutia sababu.

Jumapili ikafika, kipindi cha shuhuda. Mama mmoja wa kwaya, mwenye majaruba ya mpunga kule Magu, akasimama. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa mvua ya Alhamisi." Alikuwa amesia mbegu na kitalu kilianza kukauka, alifunga siku tatu akiomba maji, na Alhamisi Mungu akajibu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na mama mkwe wangu, na mikono yangu bado ilikuwa inanuka dagaa waliochacha.

Sikumwonea wivu. Nilichojisikia ni kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Yeye alifunga akiomba mvua, mimi nilikimbia nikiikemea. Sote tuliomba kwa jina moja, siku moja, na zaka tunatoa kwenye kapu moja. Hivi Mungu angefanyaje? Mathayo 5 inasema huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Nimeusoma mstari huo tangu Shule ya Jumapili nikidhani mvua ndani yake ni baraka tu. Kwa mkulima wa mpunga ni baraka. Kwa mwenye dagaa mchangani, baraka ni lile jua.

Kuna jambo la zamani lilinirudia pale. MV Bukoba ilipozama, Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, nilikuwa darasa la tano. Meli ilikuwa imesafiri usiku kucha kutoka Bukoba na imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wamelala pale makaburini Igoma. Jumapili iliyofuata, katika kanisa tulilokuwa tukisali wakati huo, baba mmoja alisimama akashuhudia kwamba alikuwa asafiri na meli ile, akachelewa, na Mungu akamwokoa. Watu walilia kwa furaha. Benchi la tatu alikuwa amekaa mama ambaye mume wake alikuwa amewahi. Mwili ulikuwa bado haujapatikana. Namkumbuka alivyoinuka, akakusanya khanga yake vizuri, akatoka nje taratibu. Sikumwona tena pale. Yule baba alikuwa na haki ya kushukuru, simlaumu hata kidogo. Lakini hakuna aliyemfuata yule mama nje, na hilo nalilaumu, japo nilikuwa mtoto.

Ushuhuda wetu umekuwa na umbo moja: nilikuwa na shida, nikaomba, nikapata. Ambaye bado hajapata hana pa kusimama. Na asiposimama, wenzake wanaanza kujaza ukimya wake kwa maelezo yao, na maelezo yanatafuta mtu wa kubeba. Zaburi haziko hivyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, hakuna mstari wa ushindi mwishoni, na imo katika Biblia ileile tunayoibeba mkononi. Kama Mungu aliikubali iandikwe, kwa nini sisi hatuwezi kuikubali isemwe saa nne asubuhi mbele ya watu?

Basi nilisimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, nikaitikiwa. Nikasema Alhamisi mvua ilininyeshea dagaa ndoo nane na mtaji umekwenda. Nikasema niliomba na mvua haikukatika. Nikasema mama mkwe wangu, huyu hapa, mwenye miguu mibovu, alipiga magoti kwenye mvua akavua kitenge chake akafunika mali yangu kwa mikono yake, na jirani yangu wa mkaa ambaye si wa kanisa hili alikuja kunisaidia kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikaomba wamshukuru Mungu pamoja nami kwa ajili ya hao mama wawili.

Kiongozi wa ibada alibaki na kipaza sauti, ananisubiri niendelee. Alikuwa anasubiri sehemu ile ya ushuhuda ambapo mtu nisiyemjua ananipigia simu na kunitumia fedha. Nikakaa. Kimya kikapita, kisha mzee mmoja nyuma akasema "Amina," na wengine wakafuata, si kwa nguvu. Yule mama wa mpunga baada ya ibada alinifuata nje, akanishika mkono, akasema, "Pole, sikujua." Hatukuongea zaidi. Wale watatu walinisalimia kama kawaida, na mmoja wao alimwamkia mama mkwe shikamoo mara mbili.

Sitaacha kuombea mawingu. Nikiona weusi unapanda kutoka upande wa ziwa, nitaomba, maana Baba yangu ndiye mwenye mawingu na mtoto anaomba kwa baba yake bila kupiga hesabu. Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Ukimkuta mtu dagaa wake wamelowa, shika upande mmoja wa wavu. Kama umechelewa, kaa naye. Swali la zaka liache, na swali la nani alikuwa pale liache kabisa.

Kwa sababu nyumbani kwangu swali lile bado halijaondoka. Giza lililofuata nilinunua ndoo tano, nikaanika. Mama mkwe alikaa mlangoni. Zamani angekuja na kigoda chake akae pembeni, ageuze dagaa kwa fimbo huku akiimba. Nilimwita. Akasema, "Hapana mayu, nitakaa hapa. Sitaki mkono wangu uonekane." Nikaenda nikamchukua kwa mkono, akaja, akageuza safu mbili. Wakapita wanawake njiani wakielekea mwaloni, wakasalimia, na yeye akasimama akarudi ndani. Kila siku namwita tena. Siku nyingine anakuja.

Turubai lilirudi kutoka msibani Jumamosi ileile, limefuliwa na kukunjwa, limefungwa kwa kamba mpya. Wiki iliyopita jirani wa upande wa pili amefiwa na mtoto wake, wakaja kuniazima. Nikawapa. Kisha nikapanda daladala kwenda mjini kununua la pili.